Historia ya Tundu

Ukisema "faiba" Nairobi, mtu atakuuliza unalipa ngapi kwa mwezi. Anafikiria intaneti. Ukisema neno hilo hilo Mtwapa, karibu na maji, mtu atakuuliza ni futi ngapi na umeifunga injini gani. Anafikiria boti. Na wote wawili wako sawa, kwa sababu vitu hivi ni ndugu. Intaneti inapita ndani ya uzi wa kioo, na boti inajengwa kwa nyuzi za kioo zilizolowekwa resini mpaka zikawa ngumu.

Hapa nazungumzia boti. Tena si boti nzima. Nazungumzia ile dakika moja mwenye boti anaposhika drili, anainama juu ya ganda jeupe lisilo na hata mkwaruzo, na kulitoboa kwa hiari yake. Anataka taa ya usiku. Anataka pampu ya kutoa maji. Anataka kile chombo cha kupima kina na kuonyesha samaki, redio, kishikio cha mshipi, kiti. Kila kimoja kinadai tundu lake, na matundu mengine yanakaa chini ya maji.

Shuleni, historia ya vyombo vya bahari tuliisoma kwa jina la kitu kilichovijenga: kwanza kamba, halafu msumari, halafu chuma, na sasa plastiki na kioo. Kama ngazi, yaani, na kila anayepanda anamcheka aliye chini. Mimi nadhani ukiisoma historia hiyo kwa upande wa tundu, inabadilika kabisa. Watu wa pwani hii wamekuwa wakitoboa vyombo vyao kwa karibu miaka 2,000. Swali langu ni nani alijua kuyaziba matundu hayo, na ujuzi huo uko kwa nani leo.

Matundu ya kamba

Katika karne ya kwanza, mfanyabiashara mmoja aliyeandika kwa Kigiriki alitunga mwongozo wa biashara ya Bahari ya Hindi. Kitabu chenyewe kinajulikana kama Periplus. Akifika pwani yetu anataja soko la mwisho kabisa kusini, Rhapta, na anasema jina hilo limetokana na vyombo vya hapo vilivyoshonwa. Wasomi bado wanabishana Rhapta ilikuwa wapi hasa kwenye pwani ya Tanzania ya leo. Lakini hebu tulia na hilo jina kidogo. Mmoja wa miji ya kwanza ya pwani hii kuingia kwenye maandishi uliingia kwa jina la ushonaji. Na huwezi kushona mbao bila kuzitoboa kwanza.

Chombo cha aina hiyo kilichodumu hadi karibu na zama zetu ni mtepe. Mitepe iliundwa visiwa vya Lamu, upande wa Wabajuni, na ilibeba boriti za mikoko. Tanga lake lilikuwa mkeka wa mraba. Mbao zake hazikushikwa na msumari. Fundi alishika keekee, akatoboa ukingoni mwa ubao mmoja, akatoboa ubao wa pili mkabala wake, akapitisha kamba ya makumbi ya nazi, akaikaza, kisha akagongea kigingi cha mti ndani ya tundu ili kamba isilegee na maji yasipite. Halafu tundu linalofuata. Halafu linalofuata. Chombo kimoja kilikuwa na matundu maelfu.

Mtu wa leo aliyezoea boti ya faiba ataona huo ni wazimu. Hata wageni wa zamani hawakukubaliana. Marco Polo, aliyepita Hormuz mwishoni mwa karne ya 13, alivikuta huko vyombo vya kushonwa akavidharau: ati ni vibovu, vingi vinapotea baharini, havina msumari wa chuma na vinapakwa mafuta ya samaki tu. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alikuwa na maoni mengine. Akieleza baadaye kamba za nazi za Maldives, alisema bahari hii ina miamba mingi, na chombo cha misumari kikigonga mwamba huvunjika, lakini kilichoshonwa kwa kamba hunyumbulika. Wareno nao, waliposimama Kisiwa cha Msumbiji mwaka 1498 pamoja na Vasco da Gama, waliandika kwamba vyombo vya hapo havina misumari, vimefungwa kwa kamba, na matanga yake ni mikeka.

Na jambo hili halikuwa la maji ya chumvi peke yake. Kule Ziwa Victoria, watu wa visiwa vya Ssese walishona mitumbwi mirefu ya mbao kwa nyuzi za mmea, na ndiyo iliyobeba majeshi ya Kabaka katika karne ya 19. Leo wavuvi wa ziwa bado wanaita mashua zao "sesse", ingawa siku hizi zinapigwa misumari. Jina limebaki, uzi umekwenda.

Mtepe ulivuja, hilo hatulifichi. Kufua maji ngamani ilikuwa kazi isiyoisha, na baharia asiyetaka kushika upo alikuwa hana nafasi chomboni. Lakini kuvuja huko kulijulikana na kulipangiwa. Kamba huoza, basi vyombo vya kushonwa vilifumuliwa na kushonwa upya. Matengenezo hayakuwa dharura, yalikuwa kwenye kalenda, kama palizi. Yule aliyetoboa tundu alijua atalirudia. Na kama si yeye, basi mwanawe au mwanagenzi wake, mtu aliyewahi kukaa kando yake akimshikia kamba.

Matundu ya msumari

Mwanzoni mwa karne ya 20 mitepe ilikuwa inaisha baharini. Misumari ya chuma ilishapatikana kwa urahisi, na majahazi na mashua zikachukua mizigo. Kwenye ile hadithi ya ngazi, hapa ndipo tulipopanda kidato.

Ila msumari nao ni tundu. Tofauti ni kwamba unakaa ndani ya tundu lake, kwa hiyo hulioni. Fundi wa jahazi hapigi msumari kwenye ubao mkavu hivi hivi, atapasua mbao. Anatoboa kwanza njia yake. Anauviringishia pamba iliyolowa mafuta chini ya kichwa, ndipo anaugonga. Mianya kati ya mbao anaikalafati kwa pamba na mafuta, akiisukuma ndani kwa patasi butu na nyundo, mlio wake unausikia kutoka mbali. Chini ya chombo anapaka deheni, chokaa iliyokorogwa na shahamu. Na kazi hiyo hairudiwi mara moja katika maisha ya chombo. Inarudiwa kila kinapopandishwa.

Hapo kuna jambo ambalo mtu wa faiba halijui mpaka aambiwe. Mti hufura. Jahazi jipya likishushwa, siku ya kwanza linavuja kila mahali, mwenye pesa zake anaweza kulia. Fundi hashtuki. Anaacha mbao zinywe maji. Zikishiba zinavimba, zinabanana, na mianya midogo inajifunga yenyewe. Bahari inayotaka kuingia ndiyo hiyo hiyo inayosaidia kufunga mlango.

Kwa hiyo fundi wa mbao alikuwa na msaidizi. Alikosea kidogo, mti ukamsitiri. Kwenye faiba msaidizi huyo hayupo.

Boti isiyo na tundu

Nyuzi za kioo zenyewe ni za zamani, lakini njia ya kuzitengeneza kwa wingi ilipatikana Marekani mwaka 1932, na ilipatikana kwa bahati. Kijana mmoja wa kampuni ya vioo ya Owens-Illinois, Dale Kleist, alikuwa akijaribu kuunganisha matofali ya kioo. Upepo wa kasi kutoka kwenye mashine ukapiga kioo kilichoyeyuka, ukakitawanya kikawa nyuzi nyembamba. Baadaye ikaja resini ya kuzishika nyuzi hizo. Mwaka 1942, kule Ohio, Ray Greene alitengeneza boti ndogo kwa mchanganyiko huo, na kwa kawaida yeye ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza. Vita vilipoisha, viwanda vikafunguka.

Jinsi inavyotengenezwa ni rahisi kueleza. Kuna kalibu yenye umbo la boti. Unapaka ndani yake ngozi laini ya rangi, mafundi wanaiita jelikoti. Juu yake unalaza kitambaa cha nyuzi za kioo, unakilowesha resini, unakibonyeza kwa rola hewa itoke, unalaza kingine, na kingine. Ikikauka unaitoa kama mkate kwenye trei. Hakuna ubao unaokutana na ubao. Hakuna mwanya wa kukalafati. Ukiacha mtumbwi wa gogo, watu walikuwa hawajawahi kuuziwa chombo kama hicho, chombo kisicho na maungio.

Na waliuziwa kwa kelele. Mwaka 1958 Dick Fisher wa Marekani alianza kuuza boti za Boston Whaler, za faiba zilizojazwa povu gumu katikati ya maganda mawili. Mwaka 1961 jarida la Life likachapisha picha zake akiwa ameketi ndani ya boti majini huku inakatwa vipande viwili kwa msumeno. Boti haikuzama. Nusu yenye injini ikaondoka zake. Ujumbe wa picha zile ulieleweka bila maelezo: hii unaweza hata kuikata, na wewe utafika nyumbani.

Huo ulikuwa ukweli wa boti hiyo na povu lake. Boti nyingi za faiba hazikujengwa hivyo. Hata hivyo imani ilienea kwa zote, na ilifika hadi kwetu: kwamba faiba ni kitu ulichomaliza kununua siku ulipokinunua. Nimeisikia pwani mara nyingi. "Hii haina kazi kama mbao, hii ni kuosha tu."

Sasa chukua boti hiyo isiyo na tundu uipeleke kuvua. Mvua ikinyesha maji yanakaa ndani, kwa hiyo unahitaji tundu la kuyatoa lenye kizibo. Injini inataka boliti kwenye ukuta wa nyuma. Usiku unataka taa. Ukitoka nje ya mwamba unataka redio. Boti isiyo na tundu haifanyi kazi, ni beseni kubwa. Basi mwenyewe anaazima drili.

Hebu tupige hesabu ya hilo drili. Tundu la inchi 1, futi 1 chini ya maji, huingiza zaidi ya lita 40 kwa dakika. Hiyo ni mitungi miwili ya lita 20, kila dakika. Kwa saa moja ni zaidi ya tani mbili za maji. Ukiongeza upana wa tundu mara mbili, maji hayaongezeki mara mbili, yanaongezeka mara nne. Bahari haijali kama tundu hilo limetobolewa na jiwe au na wewe mwenyewe ukitaka kuona samaki kwenye skrini.

Fundi aliyenionyesha kazi hii yuko Mtwapa. Ni mzee aliyeanza na tezo, akimsaidia babake kuunda mashua, kisha mbao zikawa ghali na kazi zikapungua, akahamia kwenye faiba. Siku niliyokaa kwake alikuwa anaweka kipima kina chini ya boti ya mtu. Nilitegemea ataanza kwa kutoboa. Saa nzima ya kwanza hakuigusa drili. Alilala kifudifudi ndani ya boti akipapasa kwa mkono na kugonga kwa kiwiko cha bisibisi, tok, tok, tok.

"Unatafuta nini, fundi?" nikamuuliza.

"Natafuta kilicho nyuma," akasema. "Hapa pana ubavu, hapa waya, hapa tangi la mafuta. Kutoboa hata mtoto atatoboa, mwanangu. Nje ni urembo tu, kazi iko ndani."

Alipopata mahali, alibandika tepu ya karatasi juu ya jelikoti, akachora, akatoboa kwanza kitundu chembamba kutoka ndani kuja nje. Akatoka akakiangalia kwa nje. Kiko mahali salama? Kiko mbali na mkuku? Hapo ndipo alipofunga msumeno wa duara, ule kama kikombe chenye meno, akauzungusha kinyume kwanza ili ukwangue jelikoti polepole bila kuimegua, halafu akaugeuza ukate. Vumbi la kioo lilitanda, linawasha kuliko upupu. Alikuwa amejifunga kitambaa puani na mikono mirefu kwenye joto lile la Januari. Akamaliza kwa kulainisha mdomo wa tundu kwa msasa, akiukata pembe kidogo. "Pembe kali ndiyo mama wa ufa," alisema. Tundu likiachwa na ncha, mitikisiko ya mawimbi inaanzia ufa hapo, na ufa wa jelikoti unasafiri.

Kile kipande cha duara kilichotoka hakukitupa. Alikigeuza kwenye mwanga, akakisoma kama daktari anavyosoma picha ya eksirei. Mwanzoni sikujua kwa nini.

Mti ndani ya kioo

Kumbe ndani ya boti ya kioo kuna mti.

Si zote, lakini nyingi. Nyuzi za kioo na resini zina nguvu ila ni nzito na ghali ukizirundika. Kwa hiyo watengenezaji huweka kitu chepesi katikati, kioo juu na kioo chini, kama sandwichi. Kitu hicho mara nyingi kimekuwa balsa, mti mwepesi unaokuja zaidi kutoka Ecuador. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Waingereza waliutumia kwa ujanja huo huo katikati ya mbao nyembamba za ndege ya Mosquito. Kwenye boti utaukuta kwenye sitaha, wakati mwingine kwenye ubavu, na ukuta wa nyuma unaobeba injini mara nyingi una plaiwudi ndani yake.

Mti huo haukuwekwa pale ulowe. Umefungiwa. Kwenye jahazi, ubao ukilowa unafura na kusaidia. Ndani ya faiba, mti ukilowa hauna pa kwenda. Hauwezi kufura kwa sababu umebanwa pande zote, na hauwezi kukauka kwa sababu hewa haifiki. Unaoza kimya kimya. Na njia ya maji kuingia si lazima liwe tundu kubwa chini ya maji ambalo kila mtu analiogopa na kuliziba vizuri. Mara nyingi ni skrubu. Skrubu nne za kiti. Skrubu mbili za kishikio cha redio. Zilifungwa juu ya sitaha, mbali na bahari, zikapakwa silikoni kidogo ile ya madirisha, basi. Mvua na mawimbi yakafanya yaliyobaki.

Mzee alinionyesha boti ya kikundi kimoja cha wavuvi, walipewa msaada ikiwa mpya. Kwa nje ilikuwa inang'aa. Akaniambia nisimame katikati ya sitaha, karibu na kiti cha nahodha. Ikabonyea chini ya miguu yangu kama godoro. Akafungua skrubu moja kwa vidole viwili, bila bisibisi. Ilitoka na uji mweusi wenye harufu ya majani yaliyooza. Hakuna aliyekuwa ameelezwa kwamba ndani mna mti. Wale waliojua mti vizuri kuliko mtu yeyote, wana wa maseremala wa mashua, waliuziwa hadithi ya kioo.

Dawa yake ndiyo iliyonifanya nitake kuandika haya. Kama boti haijaoza, na unataka kufunga kitu cha skrubu au boliti kupita kwenye sandwichi ile, hutoboi tundu la ukubwa wa boliti. Unatoboa kubwa kuliko hilo. Unachimba mti wa pembeni utoke, unausafisha, unajaza nafasi yote kwa epoksi iliyokorogwa na unga wa kuipa uzito, unaacha ikauke iwe jiwe. Halafu unatoboa tena, tundu dogo, katikati ya epoksi ile. Boliti inapita ndani ya kizibo, haigusi mti. Hata muhuri wa nje ukichoka, maji yataishia kwenye epoksi.

Niliposikia hivyo nikakumbuka kigingi cha mtepe. Fundi wa mtepe naye hakuliacha tundu wazi kando ya kamba. Alilijaza kwanza, na kilichojaza ndicho kilichobeba kazi. Epoksi ni ya kiwandani na kigingi ni cha mti, lakini akili ni moja: usiamini kitu kinachopita ndani ya tundu kitalifunga tundu. Lifunge kwanza. Nilipomwambia mzee, hakushangaa hata kidogo. "Sasa ulidhani nilijifunzia wapi?" akaniuliza.

Daftari

Mwaka 2003 mtepe uliundwa upya Zanzibar, ukawekwa ndani ya Beit al-Ajaib watu waje wautazame. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jengo hilo ikaporomoka na watu wawili wakafa. Silaumu makumbusho. Nasema tu kwamba ujuzi ukibaki kama kitu cha kutazamwa, usalama wake unategemea paa lililo juu yake.

Mfano mwingine uko Lamu. Mwaka 2018 Ali Skanda na mafundi wenzake walishusha majini Flipflopi, jahazi lililoundwa kwa karibu tani 10 za taka za plastiki, na mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar. Watu wengi waliona rangi za ndara zilizobandikwa ubavuni. Mimi naona mikono. Plastiki ile iligeuzwa mbao na mataruma, na waliojua kuzitoboa, kuzifunga na kuzikalafati ni watu waliojifunza kwa mti. Kitu kipya kilikuja kikamkuta fundi, na fundi akakifundisha kuwa jahazi.

Kwenye faiba tumefanya kinyume. Serikali za kaunti na wafadhili wamekuwa wakigawia vikundi vya wavuvi boti za faiba, na sababu zake zinaeleweka. Mbao nzuri zimeadimika. Samaki wa karibu wamepungua, na mvuvi anapaswa kutoka nje ya mwamba ambako mashua ndogo inahangaika. Sipingi boti hizo. Lakini angalia kinachokuja pamoja nazo. Injini ina kitabu chake cha maelezo. Ganda halina. Hakuna karatasi inayosema hapa ndani mna mti, hapa hamna, hapa msitoboe. Na fundi wa kufundisha hayo hayuko kwenye bajeti, kwa sababu ukiuliza nani ana cheti cha kazi hiyo, mzee wa Mtwapa hana. Mimi mwenyewe niliacha chuo kabla ya karatasi, kwa hiyo najua mlango huo unavyofungwa, ila mimi huishi kwa kuandika, na makala mbovu haizamishi mtu.

Mzee hana cheti, lakini ana daftari. Ni daftari la shule la kurasa 96, jalada lake limelowa mafuta. Kila boti aliyoitoboa ina ukurasa wake. Amechora umbo la boti kutoka juu, kwa kalamu ya risasi, na kila tundu lina nukta na namba. Pembeni ameandika: kipima kina, inchi 2, kulia kwa mkuku, chini ya maji, epoksi, mti mkavu. Taa ya omo, skrubu nne, juu, epoksi. Pampu, inchi 1, nyuma kushoto, juu ya maji, muhuri ubadilishwe. Kuna tarehe ya kutoboa na tarehe ya kurudi kuangalia. Sasa nikaelewa kwa nini alikisoma kile kipande cha duara. "Mti mkavu" ilitoka pale. Kipande ndicho kilichomwambia ndani mna nini.

Nimesoma vitabu vya historia ya vyombo vya pwani. A. H. J. Prins, Mholanzi, alitoa Sailing from Lamu mwaka 1965, na bila watu kama yeye tungekuwa tumesahau mengi kuhusu mabaharia na mafundi wa Lamu. Lakini daftari lile nalo ni kitabu cha historia, tena kinatumika. Linasema nani alitoboa, lini, kwa nini, na nini kimewekwa ndani. Fundi wa mtepe hakulihitaji kwa sababu chombo chake kilifumuliwa mbele ya macho ya wanagenzi. Boti ya faiba haifumuliwi. Tundu likishafunikwa na kifaa, limesahauliwa, na anayelirithi ni mtu ambaye hakuwepo.

Ninachopendekeza hakihitaji mradi wala warsha ya hoteli. Boti yoyote ya kikundi ikikabidhiwa, ikabidhiwe na mchoro wake: wapi pana mti, wapi pana tangi, matundu yako wapi. Fundi wa hapo hapo alipwe siku mbili awaonyeshe wenyewe namna ya kutoboa, kujaza na kutoboa tena, na jina lake liandikwe kwenye mchoro ule. Kwa boti ambazo zishagawiwa, kusi likianza na bahari ikichafuka, nyingi hupandishwa ufukoni zikasubiri. Huo ndio wakati wa kununua daftari, kuzunguka boti polepole, kufungua skrubu moja moja na kunusa kinachotoka.

Mzee ameanza kumfundisha kijana mmoja wa jirani. Kazi aliyompa kwanza si ya drili. Anamtuma kwenye boti za watu na daftari na penseli, akahesabu matundu.